Neno Halijasemwa Mpaka Lifike

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu, watangazaji, washereheshaji na viongozi wa vikundi. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu, watangazaji, washereheshaji, na ninyi nyote ambao kazi yenu inapita mdomoni: shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za asubuhi.

Naomba tuanze na maneno mawili. Yasikilizeni vizuri. Amelipa. Amelipwa. Narudia: amelipa, amelipwa. Kati ya hao wawili, nani ana fedha mfukoni? Wa pili. Nani zimemtoka? Wa kwanza. Na kinachowatenganisha ni nini? Ni sauti moja tu, ile w, midomo inapokunjwa na kukunjuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Msomaji akiikosa atarudi nyuma mstari mmoja. Msikilizaji hana mstari wa kurudia. Likimpita, limempita, na mara nyingi hajui hata kwamba limempita. Anaondoka na neno lingine kabisa, akiamini ndilo ulilosema wewe.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni hii, na nitairudia mpaka muizoee: neno halijasemwa mpaka lifike. Kulitoa mdomoni ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki nayo ni ya msemaji, na msikilizaji asibebeshwe.

Tuanze na uteuzi wa maneno.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ulifunikwa na ukungu. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la Uholanzi la KLM na nyingine ya shirika la Marekani la Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na hazikuonana. Ya KLM ilikuwa mwisho wa njia, imeshageuka, iko tayari. Mwongoza ndege akaisomea maelekezo ya safari: ikisharuka igeukie wapi, ipande mpaka kimo gani. Hayo yalikuwa maelekezo ya njia, na ruhusa ya kuruka ilikuwa bado. Lakini ndani yake mlikuwa na neno "kuruka". Rubani msaidizi, Mholanzi, akayarudia maelekezo kama utaratibu unavyotaka, kisha akamalizia kwa Kiingereza chake kwa maneno ambayo Kiswahili chake ni kama kusema: "Sasa tuko kwenye kuruka."

Tuko kwenye kuruka. Maana yake nini, ndugu zangu? Tumefika mahali pa kuanzia na tunasubiri? Au magurudumu yameshaanza kuzunguka? Mwongoza ndege, Mhispania, alielewa la kwanza. Akajibu "Sawa", akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Wakati huohuo marubani wa Pan Am nao wakasema redioni kwamba bado wako kwenye njia ya kurukia. Sauti mbili kwenye masafa yaleyale zikagongana na kuwa mlio mkali, na kilichosikika vizuri ndani ya ndege ya KLM ni lile neno la kwanza tu: "Sawa." Watu 583 walikufa.

Zilikuwepo sababu nyingine siku ile: ukungu, haraka, uwanja mdogo uliojaa ndege zilizoelekezwa huko kwa dharura. Lakini tazameni lile neno lilifanywa nini baadaye. Lilifungiwa. Leo rubani na mwongoza ndege hawatamki neno la kuruka isipokuwa pale ruhusa yenyewe inapotolewa au inapofutwa. Mahali pengine pote husema "kuondoka". Neno moja, kazi moja.

Sasa turudi kwenye Kiswahili chetu. Je, sisi hatuna maneno yenye milango miwili? Tunayo, tena tunayatumia kila siku mahali ambapo kosa lina gharama.

Chukueni neno "saa". Mwuguzi anamwambia mgonjwa: "Meza kidonge kila baada ya saa nane." Mgonjwa mmoja anaelewa muda wa saa nane kati ya kidonge na kidonge. Mwingine anaelewa saa nane mchana: kila siku saa nane ikipita, ameze. Huyo atameza kidonge kimoja badala ya vitatu, na atasema kwa moyo safi kwamba amefuata maagizo. Ndiyo maana watu wengi husema "masaa manane", na walimu wa sarufi huwasahihisha kwamba saa haina wingi wa ma-. Kwa sarufi, walimu wana haki. Lakini aliyesema "masaa" alikuwa anatafuta njia ya kutenganisha muda na wakati, na haja yake ni ya kweli. Tusimcheke, tumpe njia nyingine. Njia hiyo ipo: "Kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku." Hapo hakuna wa kupotea. Na ile "kutwa mara tatu" iliyoandikwa kwenye pakiti nyingi za dawa? Kutwa ni mchana, tangu jua linapochomoza mpaka linapotua. Anayeisikia neno kwa neno atamaliza vidonge vyote vitatu kabla ya giza.

Tazameni namba. "Elfu thelathini na tano." Ni ngapi hiyo? Wengi wenu mmesema 35,000. Lakini kwa mpangilio huohuo wa maneno inaweza kuwa 30,005. Ukisema "thelathini na tano elfu", mlango mmoja umefungwa. Zaidi ya hapo, kwenye spika mbovu "thelathini" na "themanini" ni ndugu wa tumbo moja: zinaanza kwa the-, zinaishia kwa -ini, zote zina silabi nne. Mahali pa fedha au idadi ya watu, taja namba nzima, kisha itaje tena tarakimu kwa tarakimu: themanini, nane sifuri. Watu wa redio za ndege hufanya jambo kama hilo. Kwa utaratibu wao wa kimataifa, tisa ya Kiingereza (nine) huongezewa silabi mwishoni, isije ikasikika kama tano (five).

Vipo na vitenzi vya kupeana. "Tumekodisha ukumbi." Ukumbi ni wenu mmempa mtu kwa malipo, au ni wa mtu na ninyi ndio mtakaolipa? Anayelipa amekodi, mwenye mali amekodisha. "Nimeazima kitabu" nayo iko hivyohivyo. Wengine huitumia kwa aliyetoa na aliyechukua. Ukisema "nimemwazimisha" au "nimeazima kwake", shaka imekwisha. Na tangazo lile la kila siku: "Fomu zinapokelewa hadi Ijumaa." Ijumaa yenyewe imo au haimo? Sema: "Siku ya mwisho ya kupokea fomu ni Ijumaa, saa kumi alasiri." Mmeongeza maneno machache, mmeokoa foleni ya watu wenye hasira siku ya Jumamosi.

Kabla hamjasimama kusema, fanyeni hivi. Kwenye karatasi yenu zungushieni duara kila namba, kila saa, kila tarehe, kila jina la mtu au mahali, na kila kitenzi cha kutoa na kupokea. Hayo ndiyo maeneo ya hatari; sehemu nyingine ya hotuba inaweza kusamehe uzembe kidogo, hayo hayasamehi. Kisha msomee mtu asiyelijua jambo lako, mara moja tu, na umwulize amesikia nini. Usimwulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Mwulize amesikia nini. Akikupa maana usiyoikusudia, usimweleze. Badilisha neno.

Jambo la pili ni neno linalokwepwa.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca, safari namba 52 kutoka Kolombia, ilikuwa inaelekea New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na iliamriwa kuzunguka angani mara tatu, jumla ya zaidi ya saa moja. Mafuta yakawa yanaisha. Katika utaratibu wa anga lipo neno moja ambalo likitamkwa kila kitu kinasimama na njia inafunguliwa: dharura. Kapteni alimwagiza rubani msaidizi awaambie walio chini kwamba wako katika hali ya dharura. Rubani msaidizi akawaambia kwamba mafuta yanawaishia. Kabla ya hapo walikuwa wameomba kipaumbele. Neno dharura halikufika kwa waongoza ndege, na waongoza ndege walizoea kusikia ndege zilizozungushwa zikisema zina mafuta machache. Ndege ikaanguka Cove Neck, si mbali na New York, watu 73 wakafa kati ya 158 waliokuwemo. Haikuwaka moto, kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Ndugu zangu, kila alichosema rubani yule kilikuwa kweli. Mafuta yalikuwa yanaisha. Lakini ukweli ulisemwa kwa neno laini mahali palipotaka neno gumu, na neno laini halikumwamsha mtu.

Ninyi mnayajua maneno laini ya Kiswahili cha mikutano. "Kumekuwa na changamoto katika suala zima la maji." Changamoto gani? Bomba limepasuka? Pampu imeungua? Bili haijalipwa? Neno changamoto lilikuja likiwa na maana nzuri, jambo linalokuchochea ujitahidi. Tumelitumikisha mpaka limebeba ugonjwa, wizi, ajali na uvivu, na sasa halisemi chochote. "Katika suala zima la maji" ni maneno matano yenye kazi ya neno moja: maji. "Kwa namna moja ama nyingine" haina kazi hata moja. "Tumeweza kufanikiwa kupata kununua madawati" maana yake ni "tumenunua madawati". Na ule usemi wa kujificha: "hatua zitachukuliwa", "litafanyiwa kazi", "imeonekana kwamba". Na nani? Lini? Kila mkiona kitenzi hakina mtendaji kwenye karatasi yenu, jiulizeni kama mmemsahau au mmemficha. Kama mmemsahau, mwandikeni. Kama mmemficha, mjue kwamba wasikilizaji wamekwisha kumwona.

Maneno ya kujaza pengo nayo yapo: yaani, kiukweli, kimsingi, sawa, nini. Huwezi kuyafuta kwa kujikataza, utazidi kuyasema. Yanakuja pale akili inapotafuta neno linalofuata na mdomo unaogopa ukimya. Dawa yake ni kufunga midomo. Nasema midomo yenyewe igusane kwa nukta moja wakati unatafuta neno. Midomo iliyogusana haiwezi kusema "yaani". Kwako hiyo nukta ni ndefu kama mwaka; kwa wanaokusikiliza ni mahali pa kupumua.

Na neno la kitaalamu je? Litumieni pale mnaosema nao wanalijua. Mbele ya watu mchanganyiko, anza na neno lao: "presha". Baadaye weka na lile la vitabuni, "shinikizo la damu", ili walitambue siku wakilisoma. Anayeanza na shinikizo la damu na kuishia hapo amehifadhi heshima ya lugha na kumpoteza mgonjwa wa presha aliyekaa mstari wa nyuma.

Jambo la tatu ni matamshi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Kiswahili kina mambo yake ambayo mafunzo mengi ya usemaji, yaliyoundwa kwa lugha nyingine, hayayagusi.

Kitenzi cha Kiswahili ni sentensi nzima. "Hatukumwambia." Ndani yake kuna ukanusho, kuna sisi, kuna wakati uliopita, kuna yeye, kuna kuambia. Kila silabi ina mzigo wake. Ukimeza silabi moja hujameza herufi, umemeza neno. Mtu anayesema haraka hula katikati: "tutakapokutana" inakuwa "tutapokutana", na msikilizaji anaikisia. Hiyo inakisika. Lakini "ametupigia" ikipungua ti... ikipungua tu, samahani, sikieni hata mimi hapa ulimi umetangulia. Ikipungua "tu", inakuwa "amepigia". Kampigia nani?

Sasa jambo ambalo naomba mlitie mstari. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. A-me-LI-pa. A-me-LI-pwa. Kwa hiyo silabi ya mwisho huwa dhaifu, sauti inashuka, pumzi inaisha. Lakini je, ni nini kinachokaa kwenye silabi ya mwisho ya kitenzi? Ni mambo makubwa kabisa! Hapo ndipo inapokaa -wa ya kutendwa: amelipa, amelipwa. Hapo ndipo inapokaa -e ya amri na matakwa: "alipa" ni habari, "alipe" ni agizo. Hapo ndipo inapokaa -i ya ukanusho: "anasoma", "hasomi". Lugha yetu imeweka mambo mazito mahali ambapo sauti ni nyepesi. Msiongeze mkazo wa mwisho, mtasikika kama wageni, ongezeni pumzi. Bakizeni hewa ya kutosha kuifikisha silabi ya mwisho ikiwa hai. Anayeishiwa pumzi mwisho wa sentensi anapoteza pale panaposema nani kamfanyia nani.

Mkazo wenyewe nao una maana mara chache. BaraBAra ni njia ya magari. BaRAbara ni sawasawa kabisa.

Halafu irabu mbili zilizokaa pamoja. Kila moja ina silabi yake na haki yake. "Dawa hii inafaa." Ifupishe: "Dawa hii inafa." Mgombea anayefaa akifupishwa anakufa jukwaani. Msikimbie hapo: fa-a, ka-a, za-a, cho-o. Na m inayosimama peke yake ni silabi kamili: m-tu, m-ti, m-ke. Kwenye "mtu" mkazo unaiangukia hiyo m yenyewe. Anayesema "mutu" ameongeza kitu, anayesema "tu" amemfuta mtu.

Konsonanti zinazochanganywa zinajulikana, na kila moja ina mahali pake mdomoni. Kwa l, ncha ya ulimi hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kutulia, hewa ikapita pembeni. Kwa r, ncha hiyohiyo hupiga ufizi na kuachia mara moja. Kutulia na kupiga, tofauti yote iko hapo. Jaribuni: kalamu, karamu. Mahali, mahari. Kula, kura. Mwenye kuomba kura akisema "naombeni kula", nusu ya wasikilizaji watacheka na hoja yake imeishia hapo.

Kwa th, ncha ya ulimi hutokeza kidogo kati ya meno na pumzi hupita bila mtetemo: thamani. Ukirudisha ulimi nyuma ya meno unapata samani, vyombo vya kukalia. Kwa dh ulimi uko palepale lakini koo linatetemeka. Wekeni vidole kooni mtausikia: dhana. Ukirudisha ulimi nyuma unapata zana. "Tunahitaji zana mpya" na "tunahitaji dhana mpya" ni bajeti mbili tofauti. Kwa gh, nyuma ya ulimi hukaribia kaakaa laini bila kuligusa, kama maji yanayosukutuliwa polepole: ghali, magharibi. Na ng' ni ya puani tupu, kama kwenye ng'ombe. Ng ya ngoma ina g ndani yake. Sh na s nitazifikia sasa hivi, maana zina hadithi yake.

Biblia, katika kitabu cha Waamuzi sura ya 12, inasimulia vita kati ya watu wa Gileadi na Waefraimu. Wagileadi waliviteka vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme neno moja: Shibolethi. Mwefraimu alisema "Sibolethi", kwa kuwa hakuweza kulitamka sawasawa, na aliuawa papo hapo kivukoni. Andiko linataja watu 42,000 waliokufa wakati ule.

Kwa nini nawaletea hadithi hii ya kutisha? Kwa sababu tangu zamani matamshi yametumika kumtenga mtu, na bado yanatumika. Mwanafunzi anachekwa darasani, mtangazaji anaigizwa, mzee anakatishwa katikati ya hoja. Mimi nasema tutenganishe mambo mawili. Lafudhi ni wimbo wa mahali mtu alikotoka: kiimbo chake, mwendo wake, jinsi anavyovuta irabu. Lafudhi haina kosa, na msitumie hata dakika moja kuifuta. Upambanuzi ni jambo lingine: ni kuhakikisha shindano halisikiki sindano, shuka halisikiki suka, shaka halisikiki saka. Huo unahitaji kazi, na kazi yenyewe ni ndogo. Kwa s, ulimi uko karibu na meno na midomo imetanuka. Kwa sh, ulimi unarudi nyuma kidogo na midomo inachomoza. Semeni: shindano la sindano. Polepole, kwa kioo, muone midomo ikichomoza na kutanuka. Mtu mzima anaweza kuipata kabisa, ilimradi asichekwe anapojaribu. Walimu, hilo liko mikononi mwenu.

La mwisho ni mazoezi na vifaa.

Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba Demosthenes wa Athens, msemaji maarufu wa Ugiriki ya kale, alichekwa mwanzoni kwa sauti dhaifu na matamshi mabaya. Akajitengenezea chumba cha chini ya ardhi, akanyoa nusu ya kichwa ili aone aibu kutoka nje, akakaa humo miezi akifanya mazoezi. Alisema akiwa na kokoto mdomoni, na alikariri hotuba huku akikimbia na kupanda mlima. Tafadhali kokoto mziache, mtu anaweza kukabwa. Lakini kanuni yake ni sahihi: alikipa kinywa chake kazi ngumu zaidi ya ile ya jukwaani, ili jukwaani pawe pepesi.

Ninyi fanyeni hivi. Pumzi kwanza: vuteni kwa pua mpaka mbavu za chini zitanuke, mabega yakae chini, kisha toeni "sss" nyembamba ya kiwango kimoja. Mkifika sekunde 20 bila kutetereka, mnayo hewa ya kumaliza sentensi. Pili, chukueni aya moja, isomeni kwa mnong'ono laini kwa dakika mbili, zisizidi hizo, maana mnong'ono wa nguvu unakausha koo. Mnong'ono hauna sauti ya kujificha nyuma yake, kwa hiyo midomo na ulimi lazima vifanye kazi yote. Tatu, isomeni aya ileile silabi kwa silabi, ha-tu-ku-mwa-mbi-a, kisha kwa mwendo wa kawaida. Nne, jirekodini kwa simu iliyowekwa hatua tatu au nne kutoka mlipo. Simu iliyo mdomoni itawadanganya. Ya mbali inasikia kama mtu wa mstari wa nyuma. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Saa nzima siku moja kabla ya hotuba haisaidii kitu, inachosha sauti tu.

Kuhusu kipaza sauti, mengi huharibika kwa mambo madogo. Kishikeni kwenye mpini. Anayekumbatia kichwa cha kipaza sauti anakaribisha mlio. Kiwe umbali wa ngumi moja hadi kiganja kutoka mdomoni, na kielekee pembe ya mdomo badala ya katikati, ili pumzi ya p na b isikipige usoni. Mkitazama huku na kule, kipaza sauti kiende na kichwa. Ukumbi ukiwa na mwangwi, msiongeze sauti, mwangwi nao utaongezeka. Punguzeni mwendo, muache mwisho wa neno utue kabla ya kuanza lingine. Na kwenye simu mjue kwamba laini ya aina ya zamani hupitisha sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu. Sehemu kubwa ya kinachotenganisha f na s iko juu ya hapo, inakatwa njiani. Hata mtamke vizuri namna gani, "f" na "s" vitafanana. Jina likiwa na herufi hizo, lisemeni kwa mfano: f ya familia, s ya Septemba.

Sasa naomba mgeuke, wawili wawili, mkae mgongo kwa mgongo, msitazamane midomo. Mmoja ana karatasi yenye sentensi kumi, mwenzake ana karatasi tupu na kalamu. Msomaji anasoma kila sentensi mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Mwandishi anaandika alichosikia, hata kama hakina maana, hata kama anahisi msomaji amekosea. Msisahihishane. Sentensi namba tatu kwenye karatasi, ile ya "amelipa thelathini na tano elfu" na "amelipwa themanini na tano elfu", isomwe bila kuinua sauti kuliko nyingine. Mkimaliza kumi, badilishaneni, kisha wekeni karatasi mbili pamoja na mpige mstari kila palipotofautiana. Mna dakika saba. Anzeni.